Njia Moja na Mushtarii

Kwa mwanangu Mbaraka, Mkwaja.

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Goti la mkeo limepoa? Na kifua chako? Mimi mzima, ila Tabora hii vumbi huingia mpaka kwenye uji, na nazi huuzwa kama dawa. Dada yako amejifungua salama mtoto wa kiume, ananyonya kama ana ugomvi na mamake.

Naandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni, taratibu, usije ukasema nimetiwa maneno kinywani.

Umeniarifu kuwa wazee wa Salimu, yule fundi cherehani wa Mwera, wamemposa mjukuu wangu Mwanaidi, nawe wataka kuwajibu hapana mwezi ukiandama. Sababu? Mwalimu wa falaki amehesabu majina yao na ya mama zao, wote wawili wameangukia nyota ya Mushtarii. Ati wa nyota moja hawakai nyumba moja, kila mmoja atataka ukubwa. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikakasirika mara tatu.

Sasa sikiliza. Shemeji yako si mpishi wa skuli hapa? Yuko mwalimu wa hesabu, Mgoa, Mhindi wa Goa, ana darubini yake. Juzi baada ya magharibi aliisimamisha uwanjani, shemeji yako akanipeleka. Nikamwambia yule Mgoa anionyeshe Mushtarii, nina kesi naye. Akacheka, akanionyesha. Kumbe ni duara, na vinyota vinne vimejipanga ubavuni kama punje za mtama. Nikamuuliza, huyu njia yake huko juu ni ya peke yake?

Akasema sivyo. Ile njia ya kulizunguka jua, ambayo Mushtarii huimaliza kwa miaka kumi na miwili, wamo na wengine. Ni vijiwe, kundi limemtangulia, kundi linamfuata, na umbali wa kila kundi naye ni kama umbali wake na jua. Havimgongi, wala havipotei. Huyumba kidogo, vikasogea mbele, vikarudi nyuma, safari ikaendelea. Wazungu wamevipa majina ya wapiganaji wa vita vya kale, kundi hili jeshi moja, lile jeshi la pili, na katika kila kambi limo jina moja la adui, kwa kukosea kwao hao wenye kutoa majina. Navyo vinakwenda tu.

Mimi vile vijiwe sikuviona, ni vidogo mno, sitakudanganya. Lakini nilirudi nyumbani nikakaa nikafikiri.

Mbaraka, kabla ya babako niliposwa na mtu mwingine. Hilo hulijui. Babu yako alihesabu akakuta nyota zetu ni moja, akamkataa, nikaozwa babako. Nyota yangu na ya babako zilipatana kama kofia na kichwa. Nawe ulikuwapo, ulisikia vyombo vikivunjika. Miaka mingi hatukupumzika, mpaka alipohamishia barazani kazi yake ya kushona kofia, nami nikabaki uani kwangu, ndipo tukaanza kuzungumza kama watu. Haikuwa nyota. Ilikuwa kuachiana nafasi, na hilo hakuna aliyetufunza.

Sisemi falaki ni uongo, babangu aliijua kuliko huyo mwalimu wako. Nauliza, Salimu ana ila gani? Mlevi? Mvivu? Haswali? Kama umeiona, itaje, nitakuwa upande wako. Kama hukuiona, toka nyuma ya nyota, mwanamume mzima wewe.

Kurasa mbili umeniandikia asemayo mwalimu, asemayo ami yako, asemayo jirani. Mwanaidi mwenyewe anasemaje? Hukuandika. Mimi pia sikuulizwa, na sijasahau.

Nisalimie mkeo, asitembee sana na goti hilo. Nisalimie ami yako mwadhini, na bibi mkunga aliyekupokea wewe, kama bado anasikia. Barua hii mpe Mwanaidi aisome, kisha muulize, na umwache amalize kusema. Jibu lake uniletee kwa maneno yake, usiyanyooshe.

Ni mimi mama yako niliyekuzaa,
Mwanahamisi binti Shee