Siku Dada Yako Alipopanda Toroli

Ruaha Mbuyuni,
Iringa.
14 Aprili, 2024.

Mpendwa shemeji Sosthenes,

Kamwene! Kifua kinasemaje na hayo mavumbi ya dhahabu ya Makongolosi? Mimi mzima kama chuma, uzuri tu ndio unanisumbua. Dada yako Verediana hajambo, ila goti bado linamgomea.

Najua ulisikia mto umepanda ukaanza kulia. Futa machozi. Tupo wote, hata mbuzi.

Mwezi wa pili kamati ya maafa ilitufanyisha majaribio. Kengele ya kanisa la kigango ikilia mfululizo, wote kilimani. Mimi na jirani Andendekisye tumsukume dada yako kwa toroli. Kengele ikalia. Shemeji, kijiji kizima kikakimbilia mtoni! Kila mtu anaokoa pampu yake ya kumwagilia vitunguu. Wa kwanza nilikuwa mimi, mbio zangu unazijua. Tunarudi na mapampu mgongoni, tunamkuta dada yako peke yake uwanjani, kakaa kwenye toroli.

"Haya, mimi nimeshakufa," akasema. "Mazishi saa ngapi?"

Aibu ilinitafuna siku tatu. Nikasimama mkutanoni, mimi ambaye darasa la kwanza lenyewe sikulimaliza, nikasema: masika yakianza, pampu zote zikalale kilimani, kwenye kichanja changu cha vitunguu. Mtu asiwe na cha kufuata mtoni. Mwenyekiti alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka!

Basi, Jumanne mchana maji yakaja, mekundu, yananguruma kama malori ya mbao ya Mafinga. Kengele ikalia. Hakuteremka hata mmoja! Dada yako tukampandisha, anatutukana njia nzima: "Taratibu, mimi siyo gunia!" Kugeuka nyuma, pale uwanjani alipokaa siku ile pameshakuwa mto.

Juu kamati ikahesabu. Watu wote wapo. Pampu zote zipo, kasoro moja. Usiulize ya nani. Asubuhi ile jua liliwaka, nikaishusha, miche inywe kidogo tu. Niliiona inazolewa kwenda Kidatu, shemeji. Mikono yangu ilikuwa kwenye toroli. Sikuliachia.

Dada yako naye aliiona. Tangu siku hiyo nyama ananipakulia mimi kwanza.

Msalimie Frida na watoto, na Mungu akutoe salama kwenye mashimo hayo kila jioni.

Ni mimi nikupendaye, ninayekuzidi mbio,
Shemeji yako Silvester.