Mama Mkwe Ameniuliza Kuhusu Masaa Manne

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi ijayo, maana siku hiyo baraza la mkoa linapitisha mpango mkakati wa miaka mitano na malengo yake nimeyaandika mimi, afisa mipango ambaye ofisini wananiita Bwana Asilimia, na jina hilo nilikuwa nalipenda mpaka Jumapili iliyopita. Mkuu wangu alisema safari hii hataki tena maneno kama "kuboresha" na "kuimarisha", anataka malengo yanayopimika, ila akanivuta pembeni akaniambia niandike yale ambayo tumeshayafikia, ili taarifa ya kila robo mwaka itoke kijani kitupu, rangi ya lengo lililofikiwa, na asiwepo wa kutuuliza, basi nami nikaandika, tena kwa furaha, na kwa upande wa kliniki nikaweka kwamba mgonjwa asisubiri zaidi ya masaa manne, nikijua fika kwamba sasa hivi wanasubiri matatu. Jumapili mama mkwe wangu, ambaye goti lake linampeleka kliniki hiyo kila baada ya wiki mbili, alikuja kula kwetu, nikajisahau nikaanza kumsimulia lengo langu kama mtu aliyejenga daraja, akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo mkwe wangu, mmeniongezea saa nzima kwenye lile benchi?" Mke wangu alicheka mpaka akatoka mezani, mimi niliona aibu, na tangu hapo mama akipiga simu anauliza hali ya watoto, ya mke wangu, hata ya paka, mimi haniulizii. Nikibadilisha lengo, mkuu atasema nimemgeuka, na nisipolibadilisha, nitamtazamaje yule mama?

Bwana Asilimia

Ndugu Asilimia,

Pole, ingawa nami nimecheka pamoja na mkeo. Masaa manne? Mimi kwa muda huo nafua, napika, nagombana na jirani na tunapatana. Umechora mstari wa ushindi nyuma ya mgongo wako, halafu unataka makofi kutoka kwa mtu mwenye goti bovu. Lakini umeona aibu, na kwa hilo nimekusamehe nusu.

Acha kupanga ukiwa kwenye kiti cha kuzunguka. Kabla ya hiyo Alhamisi mpeleke kliniki wewe mwenyewe, ukae naye benchi moja. Andika kwenye karatasi amefika saa ngapi, kadi imechukuliwa saa ngapi, daktari kamwona saa ngapi. Nina hakika utakuta muda mwingi unaliwa kwenye dirisha la kadi, karani mmoja akihangaika na rundo la mafaili. Ndipo uweke lengo la saa moja na nusu, na chini yake uombe karani wa pili, maana lile benchi halitajipunguza lenyewe.

Mkuu wako usimpelekee hotuba. Mpelekee karatasi hiyo, umwambie mwaka wa kwanza nyekundu itakuwepo na mtaieleza bila kujificha. Akinuna, mwulize kwa upole mama yake anatibiwa wapi.

Nami nakupa lengo linalopimika, la mwezi mmoja tu. Asilimia zako sizitaki. Niandikie uniambie kama mama amepiga simu, na kama amekuulizia wewe kabla ya paka.