Mama, Mipaini Yako Imeota Bangwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Najua huko uliko barua haifiki, lakini nisipokwambia wewe nitamwambia nani? Asubuhi hii nilikuwa nafagia chini ya mipaini yako, nikaona vitu vya kijani vimechomoza kwenye majani makavu. Nikainama. Mama, ni miche! Hakuna aliyeipanda. Imeota yenyewe, hapahapa Bangwe, kwenye joto hili, juu ya ziwa letu. Nilipiga kelele hadi mwanao Luka akatoka bafuni na povu kichwani, akidhani nimeona nyoka.

Unakumbuka siku ulipokuja? Baba mkwe alikuwa amefariki, na Luka hakutaka ubaki peke yako Makete. Tulikupokea stesheni ya Kigoma, mimi nikiwa na mimba ya Tulia. Abiria wenzako walishuka na magunia yao. Wewe ulishuka umekumbatia ndoo iliyofunikwa kitenge, na miche mitatu ya mpaini ndani ya makopo ya rangi. Nikachungulia ndoo nikitegemea kuona maharage. Kumbe udongo!

"Mama, kwani Kigoma hakuna udongo?"

"Upo, mwanangu. Lakini haujawahi kumwona mpaini."

Njiani ukanieleza kwamba udongo wa chini ya mipaini mikubwa una uhai unaoshikana na mizizi, na mche ukiukosa hudumaa na kugeuka njano. Tena hukuchukua mipaini ya baridi kama ya kwenu. Uliulizia kitaluni aina inayostahimili joto, ile inayopandwa hata pwani. Mimi Muha, niliyekulia kwenye michikichi na mihogo, niliitikia tu. Moyoni nilisema, huyu mama amechoshwa na treni, akilala ataamka salama.

Ulilala, ukaamka, ukaomba jembe.

Mche mmoja ulikufa kiangazi cha kwanza. Nilikukuta umechuchumaa, unaung'oa taratibu kama unayemvua mtoto nguo. Nikadhani utakata tamaa. Wewe ukasimama, ukakata makuti ya mchikichi, ukaijengea kivuli miwili iliyobaki. Tulia alipozaliwa ukawa unambeba mgongoni ukiimwagilia, na kuiamkia kwa Kiha ulichojifunza kwa majirani: "Mwakeye!" Wapita njia walicheka. Ukacheka nao.

Mipaini ilipokupita kimo ukaanza kukaa chini yake. Upepo wa ziwa ukipita kwenye majani yake membamba kama sindano, wewe ulikuwa unaacha kila kitu na kutega sikio. Siku moja nikakuuliza unasikiliza nini.

"Nyumbani," ukasema.

Ulipotuacha, Luka hakulia. Alikuzika, akapokea wageni, akarudi kazini bandarini. Kwenye mipaini hakukaa tena. Alipita kando yake kama mtu anayemkwepa anayemdai. Kisha masika yaliyopita tawi likavunjika, likaangukia paa la jiko la Bibi Tausi, jirani yetu. Akaja amefura.

"Mama Tulia, nawapenda, lakini mti wenu utaniua. Kateni!"

Luka hakubisha. Kesho yake akaleta fundi mwenye msumeno wa mashine. Nikamshika mkono. "Baba Tulia, hii ndiyo mama aliyotuachia."

"Mama alituachia watu, si miti," akanijibu, bila kunitazama.

Msumeno ukanguruma hadi meno yakaniuma. Halafu fundi akauzima, apande kwanza kufunga kamba. Pakawa kimya. Upepo ukapanda kutoka ziwani na mipaini ikavuma, Mama, ule uvumi wake mrefu. Luka akaweka kiganja kwenye gome. Utomvu ukamnata. Akanusa mkono wake, akanusa tena. Mwanao akakaa chini, akalia kilio ambacho hakukilia msibani. Mtu mzima wa bandarini, anayepiga kelele na makuli kutwa nzima, anaita "Mama, Mama," na kamasi zinamtoka.

Bibi Tausi alikuwa amekuja kushuhudia mti ukianguka. Akavua khanga yake ya juu, akamfunika mabegani.

"Basi, mwanangu, lia," akamwambia. "Tukate matawi ya upande wangu tu. Inatosha."

Ikawa hivyo. Fundi akapogoa, Luka akamwezekea Bibi Tausi jiko lake upya, na jioni ile akakaa chini ya mipaini yako mpaka nikampelekea chakula hukohuko.

Sasa fikiria ya leo! Bibi Tausi alisikia kelele zangu, akaja mbio na mwiko wa ugali mkononi. Alipoona miche akachuchumaa. Kisha, kwa sauti ndogo: "Na mimi nipeni mmoja. Nyumba ya binti yangu kule Ujiji ina uwanja mkubwa, hakuna hata kivuli." Nilimkumbatia mpaka ugali ukanipaka mgongo mzima. Tulia, aliye chuoni Dodoma, ametupigia simu akililia wake. Nimemwahidi.

Luka ndiye aliyeihamisha. Ungemsikia! "Usiguse mizizi! Chota na udongo wake! Nani ameiacha juani?" Sauti ile ile yako, hata namna ya kugomba. Nimecheka, nimelia, sijui nimefanya nini kwanza. Nilifikiri kukupoteza ni jambo tulilokwisha kulimaliza, na kwamba kilichobaki ni kukukumbuka tu. Leo nimekufurahia, Mama, kama siku nilipojifungua ukaniambia mtoto ana pua yangu.

Inabidi niishie hapa. Bajaji iko mlangoni. Luka ameketi na mche mapajani, ameuzungushia mikono yote miwili, na dereva ameonywa kuhusu matuta. Bibi Tausi ametangulia Ujiji; amepiga simu anauliza aanze kuchimba shimo au atusubiri. Nimemwambia achimbe.

Luka anaimba, Mama. Tangu uondoke sijawahi kumsikia akiimba. Acha nikimbie, nisikie wimbo wote.

Pumzika vizuri.

Mkweo uliyemwita mwanao,
Mama Tulia