Mpunga wa Uzi Mwekundu

3 Juni

Mwanangu kipenzi,

Salamu za mamako, mzima wa kiwiliwili, ugonjwa ni kukukumbuka tu. Nimekutumia vile vichupa vya majani ya mpunga uliouacha uani: ya vyungu vitano vya kunywa maji, na ya vitano ulivyovifunga uzi mwekundu, vya kushinda na kiu. Yote kama ulivyoagiza. Mtaa mzima unajua mwanangu ni daktari wa mpunga. Asiyejua kahamia jana. Agosti ukimaliza utafiti, unarudi. Shuka zako nimezifua mara mbili, na hakuna aliyezilalia.

Mama

20 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tele. Mizizi ikihisi udongo umekauka, homoni hupanda hadi majanini. Majani hufunga vitundu vyake yasipoteze maji, na ndani ya chembe hai jeni zilizolala huamka kuulinda mmea. Hizo ndizo ninazozitafuta. Kwenye majani yako ya uzi mwekundu zimelala fofofo. Mama, uliumwagilia? Bila majani yenye kiu, Agosti sirudi.

Binti yako

1 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila aibu. Siku ya nane majani yalijikunja kama mkeka. Jirani yetu fundi cherehani akachungulia ukutani: "Mama Daktari, mgonjwa wako anakata roho!" Nikamwambia akashone mdomo wake. Lakini asubuhi nikatia kikombe. Kimoja tu. Kila siku. Kiumbe anikodolee macho ana kiu, nami nimeshika ndoo? Nimejicheleweshea mwenyewe kurudi kwako. Nisamehe.

Mama

12 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimecheka, kisha nikalia kidogo. Vyungu vile vile vitafaa. Mpunga ulioonja kiu hauisahau: ikija ya pili, hujifunga mapema na huvumilia zaidi. Tuone. Uache bila maji siku kumi na nne. Ila sasa nitarudi Desemba.

Binti yako

30 Agosti

Mwanangu,

Natumai u mzima. Vichupa hivi hapa. Sikutia hata tone. Ndoo nilimpa fundi aifungie kwake. Ulisema kweli: safari hii mpunga ulijikunja siku ya tano tu, na haukufa hata mmoja. Nimeshamtangazia kila mtu.

Ulipoondoka nililia mwezi mzima. Barua yako ya kusema utarudi Desemba ilipofika sikulia hata kidogo. Nilikunja shuka zako, nikazirudisha kabatini. Ndipo nikaogopa.

Mimi si mpunga, mwanangu. Njoo kabla sijazoea.

Mama