Kaske Niliyochagua ili Nisikie Sauti Yako

Mupwa wangu Riziki, mutoto wa dada yangu,

Keti vizuri, maana anayekuandikia si muntu mudogo. Katika Fizi yote hakuna sikio kama langu. Mutumbwi wa moteri ukiwa ungali kule Swima, mi niko Baraka nasema moteri ni ya nani. Na unajua vile orkestra nzima ya Uvira ilikuwa inaningojaka, vyombo mikononi, haianzi mupaka mi nifike.

Toka siku ile masasi ya bunduki yalikaribia, ukapandia mutumbwi Kazimia pamoja na batu ba kwaya, hatukupata hata karatasi moja yako. Mama yako aliuliza kila muntu aliyetoka ng'ambo ya ziwa. Juma lililopita, mama mumoja muuza samaki akatuletea kaseti ya kwaya ya kambi yenu ya bakimbizi. Haina jina la muimbaji hata mumoja. Mama yako akanishika mukono: "Kaka, we mwenye masikio, niambie kama mutoto wangu iko mule ndani."

Siku hizi hatufungulii redio sauti. Benye bunduki bakisikia muziki, banaingia kuichukua. Basi tukaenda soko ya Baraka, mi na mama yako, karedio kangu ka kaseti kamefichwa ndani ya kitunga chini ya majani ya sombe, kutafuta kaske ya kuvaa masikioni.

Muuzaji ananijua. "Tonton, we muntu wa sebene," akasema. "Twaa hii kubwa, besi yake inapiga mupaka tumboni." Nikaivaa. Kwa magita ya sebene, kweli haina mwenzake. Lakini kwa kwaya, Riziki, nilisikia babaume tu, banaunguruma kama lori inapanda mulima wa Lubondja. Ninyi babinti mulifunikwa kabisa. Na mama yako alikuwa ananiangalia kinywa. Nikaomba ile nyembamba, yenye sponji iliyotoboka. Muuzaji akacheka, eti ile ni ya bazee ba kusikiliza habari.

Nikarudisha kaseti mwanzo. Mwalimu wenu wa kwaya akahesabu: moja, mbili. Kabla ya tatu, sauti moja ikatoka peke yake, haina woga. Ndipo kwaya yote ikafuata.

Nikaivua ile kaske. Nikamuvalisha mama yako. Akafunga macho, akasikiliza.

"Ni yeye," akasema. "Hata vita haijamufundisha kungoja benzake."

Unakumbuka mwalimu wa kwaya wa hapa alivyokugombezaka kila Jumamosi? "Riziki, unakimbilia wapi?" Ulikuwa unakuja kwangu na hasira, tunakaa kwenye benchi, nakupigia makofi, nakufundisha kuhesabu. Nikakuambia hivi ndivyo bakubwa ba Uvira banahesabu.

Sasa mama yako anakula tena. Amerudia shamba la mihogo, anasema utaikuta imekomaa. Kila asubuhi anavaa kaske, anasikiliza ule mwanzo tu, anarudisha, anasikiliza tena. Pile za karedio zinaisha, yeye hajali. Mi nasema mutarudi, na nitakusikia ungali katikati ya ziwa.

Jambo moja, usimusomee muntu. Kule usikubali bakurekebishe, maana kosa lile si lako. Orkestra ya Uvira haikuningojaka hata siku moja. Ni mi sikuingoja: wimbo wa kwanza nilianza mbele ya bote, bakaninyang'anya ngoma. Na ni mi nilikufundisha kuhesabu.

Mujomba wako