Maziwa Hayafiki Huko

Jumapili, 10 Agosti 2025

Noela kamaliza! Daktari wa Fizikia — wa kwanza ukoo mzima, na katoka tumboni mwangu! Padri kamtangaza kanisani, nikasimama watu wamjue mama ni yupi. Jirani yangu Paskalina akanivuta gauni: kaa chini, unawaziba wa nyuma. Wivu tu. Sherehe Jumamosi. Nimealika wanawake wote wa mwaloni, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu.

Jumatatu, 11 Agosti

Kafika. Kakonda mwanangu, ng'wana wane! Nikamuuliza kasomea nini hasa, maana watu wakiniuliza nasema mitambo. Kacheka, akanionyesha mafuta yanavyoelea kwenye mchuzi. Eti mwili wote ni vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na ukuta wa kila kijumba ni mafuta, tabaka mbili. Yeye anapima kipi kinapenya, kipi kinakwama. Miaka yote hiyo — mafuta! Lakini nimeelewa. Kichwa karithi kwangu.

Jumanne, 12 Agosti

Siku mbaya. Mbuke, mke wa mwanangu Silvesta, alikuwa jikoni anachoma dhahabu ya mumewe. Zebaki iliyonasa dhahabu inaruka kama mvuke, dhahabu inabaki. Ana mimba ya miezi saba. Nikampa kikombe chake cha maziwa kama kawaida, nikajisifu kwa Noela: mwaloni hakuna anayechoma bila maziwa, yanaosha sumu, mimi ndiye niliyewafundisha wote.

Noela akalimwagia jiko maji. Akamshika wifi yake mkono, akamtoa nje.

"Mama, maziwa hayafiki huko."

Anasema mvuke ule unapita kwenye ukuta wa mafuta kama hakuna ukuta. Ukishaingia unabadilika, hautoki tena kirahisi. Unamfikia hata mtoto aliye tumboni.

Mbuke akauliza, "Sasa wifi, mimi ninywe nini?"



Jumatano, 13 Agosti

Silvesta kafoka. Dada kasomea mafuta, sasa anataka tulale njaa! Mbona sisi tumekulia kwenye moshi huo huo na tupo? Akanitazama nimuunge mkono. Nikaosha vyombo.

Mbuke anasema mtoto hachezi kama zamani.

Alhamisi, 14 Agosti

Noela na Mbuke wako hospitali, Geita. Noela kapiga simu: moyo wa mtoto unadunda, ila mtoto mwenyewe ni mdogo kuliko miezi yake. Mbuke kalazwa. Nikauliza — ni zebaki? Hajui. Hawezi kusema asichokipima. Usomi gani huu!

Halafu akasema: "Jumamosi uwaambie wewe habari ya maziwa, Mama. Mimi watasema naleta mambo ya vitabuni. Wewe wanakuamini."

Wananiamini, ndiyo.

Jioni Agatha wa mwaloni kapita, anatoka kuchoma, mtoto mgongoni.

"Mama Daktari! Tuje saa ngapi?"

Nikasema saa nne.  Nikamshika mtoto mguu, nikacheka naye, wakaenda zao.

Jumamosi ni keshokutwa. Watakuja wote.