Mbwa Wangu na Mtungi wa Bibi Mwanaidi

Korogwe, 14 Oktoba 1954

Kwako Bibi Kudra, mshauri wetu mpendwa wa gazetini,

Baada ya salamu naomba msaada wako, maana kuna neno limenikaa kooni tangu Jumapili na Rosina mke wangu ananiuliza kwa nini sahani inarudi jikoni na chakula. Mimi ni karani wa mahudhurio katika shamba moja la mkonge, baba yangu Mnyamwezi alikuja huku kwa mkataba akasahau njia ya kurudi kwao, na rafiki yangu mkubwa ni Sadala, Mzigua wa Kwaluguru, Handeni, tuliyefanya naye kazi hapa miaka miwili. Na wewe unajua Mnyamwezi na Mzigua ni watani, kwa hiyo nikifika kwake hakuna kupumzika, wananiita mwizi wa mahindi, nami nikishampa shikamoo mama yake, Bibi Mwanaidi, namwita mke wangu na kumuuliza kwa nini hajanipikia.

Nina mbwa, jina lake Waseme. Jumamosi kengele ya saa sita ilipolia nilitaka kumwacha nyumbani, lakini Rosina akasema, "Baba Jonathan, huyo mbwa alikula samaki wa jirani juzi, ukimwacha mimi naondoka," basi nikampandisha kwenye lori la dereva Yordani lililokuwa likipeleka chumvi Handeni. Hatujafika mbali ng'ambo ya mto Pangani akamtapikia mzee mmoja kwenye mkeka wake mpya, mbele kidogo akaona mbuzi akaruka chini, Yordani akasimamisha gari abiria wakinitukana, tukamkimbiza vichakani mpaka jasho likatutoka, kisha pancha, na kutoka njia kuu nikatembea kwa miguu huku Waseme akinivuta kwa kamba. Nilifika Kwaluguru jua linazama, nimechoka hoi.

Walinipokea vizuri mno. Bibi Mwanaidi alisema neno moja tu: "Mgeni karibu, mtani wangu, ila mbwa wako afungwe kule kwenye mihogo, asiingie uani. Sisi watu wa swala." Nikamfunga. Jioni yote ilikuwa utani juu ya mbwa, mimi nikisema Waseme amekuja kuposa, bibi akisema Wanyamwezi wamekosa washenga mpaka wanatuma mbwa, Mwaija mke wa Sadala akacheka hadi akaweka chini mwiko.

Jumapili Sadala alinipeleka kuona shamba lake. Nilirudi peke yangu kuchukua tumbaku, na nilipoingia uani, Bibi Kudra, nilimkuta Waseme amekata kamba, kichwa chake kimo ndani ya mtungi wa bibi, ule wa kuchukulia udhu, anakunywa kwa raha zake. Nikamvuta, nikafuta mdomo wa mtungi kwa leso, nikafunika, nikamrudisha kwenye mihogo. Niligeuka namwona bibi anakuja na kata yake mkononi kuchota maji ya adhuhuri. Nikasema, "Bibi, usichote, mbwa wangu amekunywa humo," nikasema kabisa hivyo kwa mdomo wangu, na yeye akacheka akasema, "Mnyamwezi huyu! Tangu jana hujachoka?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja naye. Akachota akatawadha, nami nimesimama natazama.

Wakati wa kuondoka alinipa kuku na kuniambia, "Mtani, umemlinda mbwa wako vizuri, mwezi ujao njoo naye." Kuku huyo yupo hapa, sijaweza kumchinja. Naogopa nikisema nitampoteza Sadala, maana sina ndugu mwingine nchi hii. Na moyo wangu mwingine unaniambia nimeshasema, kama hakuamini kosa si langu. Je, si nimeshasema? Nifanye nini?

Wako katika wasiwasi,
Kasmiri

JIBU

Kasmiri, ndugu yangu,

Pole kwa safari. Nilicheka mkeka ulipotapikiwa, na nilipofika kwenye mtungi sikucheka tena.

Hapana, hujasema. Ulijua vizuri kwamba siku hiyo mdomoni mwako hakuna neno atakalosadiki bibi, kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa umeujaza utani wa mbwa tangu jana yake. Ukalitupa neno la kweli kwenye utani kama mtu anayeficha sindano kwenye nyasi, na mwenzako alipolipita bila kuliona ulifurahi. Utani tumepewa ili tuambiane ukweli bila kugombana. Hatukupewa pa kujifichia. Ukimwita mbwa wako Waseme, basi nawe jifunze kusema.

Nakuhurumia, kwa kuwa naona unampenda yule mama. Mbwa hana kosa, alikuwa na kiu. Bibi Mwanaidi naye hana kosa, kwetu asiyejua halaumiwi. Anayejua ni mmoja tu, na ameniandikia mimi niliye mbali badala ya kupanda lori. Sasa sikiliza. Mtungi hausafiki kwa kuongezwa maji. Huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na habari za swala zilizokwisha kuswaliwa ataulizwa mwalimu wao, si mimi wala wewe. Barua yako imenifikia siku ya kumi na moja tangu Jumapili ile. Mama yule huswali mara tano kwa siku, na wewe ni karani wa mahudhurio: piga hesabu mwenyewe.

Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta, gazetini ni kwa faida ya wengine. Jumamosi hii panda lori la Yordani. Mbwa abaki, na Rosina mwambie nimesema mimi avumilie siku mbili. Usitangulize zawadi, wala usinunue mtungi mpya njiani, maana zawadi ikifika kabla ya neno ni hongo. Mwambie Sadala kwanza, kisha mwende wote wawili kwa mama. Akitaka kuuosha, maji uchote wewe na udongo uchimbe wewe. Akitaka kuuvunja, hapo ndipo ununue mwingine. Na leso ile, natumaini hujifutii uso.

Atakasirika, naye ana haki. Huenda Sadala akanyamaza wiki kadhaa, mwache anyamaze. Lakini rafiki unayemhifadhi kwa kumwacha mama yake atawadhe maji ya mbwa, huyo umeshampoteza, ila yeye tu hajajua.

Ukifika mlangoni atakuona na ataanza kama kawaida yake, atakuuliza mchumba wako mwenye mkia yuko wapi. Usicheke. Mpe shikamoo, piga magoti, umwambie: "Bibi, leo sikuja kwa utani."

Bibi Kudra